Mpangaji Aliyetamka Nukta

"Nukta. Aya mpya."

Niliyasikia maneno hayo nyuma yangu kabla sijamwona aliyeyasema. Nilikuwa dukani Bukoto, nangoja mkate. Kugeuka, namwona binti wa chuo anaiambia simu yake, nayo inamwandikia. Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanilenga. Ndugu yangu, utotoni niliamka kwa maneno hayo.

Tulikaa Kyebando, si mbali na hapo, kwa bibi yangu, mjane wa askari, aliyekuwa na vyumba vya kupangisha. Ukuta uliotutenga na mpangaji wa jirani haukuficha hata kikohozi. Mpangaji huyo tulimwita Mwandishi. Alikuwa mtu wa magazeti kutoka ng'ambo ya mpaka. Aliandika juu ya wakubwa waliopora mashamba ya watu, akatiwa ndani, akatoka, akaandika tena. Walipokuja kumchukua mara nyingine hawakumkuta.

Nchi aliiacha, gazeti hakuliacha. Mchana alishinda mtaa wa Namuwongo na wachuuzi na madereva waliokuja kutoka kwao na kurudi, akisikiliza. Asubuhi, chai ya tangawizi ikichemka na bibi akimimina uji wa kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, kwenye kikaango, alimpigia simu mwenzake aliyebaki ofisini akamsomea habari, mwenzake akiandika. Kwa hiyo kila kitu alikitamka. "Wanakijiji walisema, koma, hawataondoka. Nukta. Aya mpya." Mwisho kabisa alitamka jina lake, herufi moja moja, kama mtu anayepigilia misumari.

Sisi watoto tuliambukizwa. Nikitumwa dukani nilisema, "Bibi anasema, koma, sukari nusu kilo, nukta." Mwenye duka akashika kiuno: "Banange! Na aya mpya je, nikupimie ngapi?"

Kisha wakaja wanaume wawili wenye viatu vinavyong'aa. Mwandishi alikuwa ametoka. Bibi alikuwa barazani anasuka ungo.

"Mama, tunamtafuta ndugu yetu, yule wa gazeti."

"Ndugu yenu, na hamjui anakolala?"

"Tumemletea salamu za nyumbani."

"Ziacheni hapo chini. Nilikuwa mke wa askari miaka mingi, salamu za namna hiyo nazijua."

Waliondoka wakicheka, lakini mmoja alisimama kidogo akatutazama sisi watoto, mmoja baada ya mwingine. Bibi aliliona jicho lile. Mikono yake iliacha kusuka.

Mwandishi aliporudi, bibi alimwambia yote pale pale barazani.

"Mwanangu, sikukatazi kuandika. Hilo jina tu, liache. Gazeti litoke bila jina, kuna ubaya gani?"

"Mama, wale wanaonisimulia wananiambia niwataje, na wao bado wako kule. Mimi niliyekimbia ndiye nijifiche?"

"Mimi nina watoto hapa."

"Najua. Habari ya kesho ni ya hao hao wakubwa. Nikiisoma na kutaja jina langu, nitahama kesho hiyo hiyo. Hawatanikuta kwako."

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyechezea sufuria. Tulibandika masikio ukutani, bibi naye akabandika lake, unga bado mikononi. Sauti ilikwenda taratibu, koma kwa koma, shamba kwa shamba, watu wakitajwa na vijiji vyao. Ikafika nukta ya mwisho. Mwenzake lazima aliuliza kuhusu jina, maana tulimsikia akisema, "Hapana. Usiache wazi. Andika." Ikaja herufi ya kwanza. Bibi akafumba macho. Ilipokuja ya pili alijitoa ukutani, akaenda kukunja kisra na kuifunga kwenye jani la mgomba.

Vyumba vile havipo tena, mahali pake pamesimama ghorofa lenye vioo. Bibi tulimzika. Gazeti lile halichapwi siku hizi, na sijui yule wa upande wa pili wa simu, ambaye sauti yake hatukuisikia hata siku moja, aliishia wapi. Lakini Mwandishi hakunyamaza. Mji baada ya mji alihama, na kila nilipoipata habari yake nilianza kusoma kutoka chini, nione kama jina lipo. Lilikuwepo. Hata leo, mtu akiniambia kwamba mambo mengine ni heri kuyasema bila kujitaja, naiona ile mikono ya bibi yenye unga.

Asubuhi ile, Mwandishi alipoingia kutuaga alikuwa na mkoba mmoja begani.

"Ndio mzigo wote huo?" bibi akauliza.

"Nguo nyingine nimezivaa, Mama."

"Kwa joto hili! Utafika umeiva." Akacheka, akamsukumia kisra kifuani. "Haya, nenda kabla sijaanza kulia mbele ya watoto. Ukifika, piga simu."

Alitushika vichwa mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa, akatoka, kisha akaurudisha mlango nyuma yake polepole mpaka komeo likaingia.