Wiki Tatu za Ghala la Rangi

Wasifu wa kuombea kazi ulikuwa umebakiza mstari mmoja, na mtunza stoo alikuwa akitokwa jasho mbele ya kompyuta ya shemeji yake mchapaji. Aziandike zile wiki tatu za ghala la rangi? Wakiuliza kwa nini aliondoka mapema, kazi aliyoisubiri mwaka mzima itamponyoka.

"Ruka tu, shemeji," mchapaji akamwambia. "Wiki tatu si kazi, ni ugeni. Nani atajua?"

"Madereva. Wanaopakia kule ndio hao hao wanaoshusha huku ninakoomba. Siku ya kwanza tu getini, mmoja atanichangamkia mbele ya bosi."

"Sasa utajieleza vipi?"

"Nitasema walitaka nisaini kwamba nimepokea mizigo kabla haijashushwa, nikakataa."

"Wakikuona mkorofi?"

"Afadhali waniite mkorofi kuliko mwongo."

Akaandika, akatuma.