Mama alivyodai apewe mseto baada ya kipimo cha saratani

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Haya yametokea hapahapa Ifakara, nilikuwepo, na siongezi chumvi.

Mama yangu analima mpunga ng'ambo ya mto. Msimu wa kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, humtoi shambani hata kwa winchi.

Sasa kikaja kipimo cha majaribio cha saratani ya mlango wa kizazi. Wanachukua ute kwa pamba, wanauweka kwenye kikaratasi chenye vichembe vya dhahabu, vidogo mno hata darubini ya kawaida haivioni. Vikikutana na seli zilizoanza kuharibika vinazing'ang'ania, mstari wa pili unatokea.

Shangazi tulimzika kwa ugonjwa huohuo, uligundulika umeshasambaa. Nikamsumbua mama mpaka akaja hospitali, kwa sharti arudi shamba siku hiyohiyo.

Mistari miwili, wakuu.

Mama? Akajifunga khanga vizuri.

"Si miwili hiyo? Nipeni mseto niende, ndege wananimalizia mpunga."

Bonde hili nani hajapimwa malaria kwa kikaratasi cha namna ile, mistari ikiwa miwili anapewa mseto, dawa yake! Nilicheka huku machozi yananitoka.

Nesi akamwelewesha taratibu: "Mama, hii siyo malaria. Daktari akuangalie, akikuta kasoro ndogo anaitibu leo leo."

Mama kagoma. "Nitakuja tukishavuna."

Nikampigia baba, nikaweka loudspeaker. Baba ni mzee wa kanisa, mpole, hata kuku hamfokei. Mara tukasikia:

"Hoyaaa! Hoyaaa! Tokeni!"

Kumbe yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anaamia ndege! Nikamweleza yote. "Mama Neema, wewe tibiwa. Huku nipo mimi."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Akabaki.

Daktari alikuta mabadiliko ya mwanzo kabisa, hayajawa saratani. Wakapachoma kwa joto, dakika chache tu, tukarudi nyumbani.

Dada zangu, pimeni mkiwa hamuumwi popote. Na nyie wanaume, mkeo akisema shamba halina mtu, panda dungu.

Juzi tulienda marudio. Mstari mmoja! Mama akaachia "Hoyaaa!" pale korido, watu wakageuka wote. Nina furaha mpaka nashindwa kuandika vizuri.

Wenye mama wabishi kama wangu, mliwapelekaje hospitali? Semeni tucheke wote.

Halafu msiniulize mavuno. Pamoja na kelele zote za baba, ndege walikula karibu nusu. Mama anawaambia majirani ile ilikuwa sadaka.