Mshumaa Uliozimika Ukutani

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Ngorongoro, na nyumbani, kijijini Qurus, alikuja mara moja kwa mwezi. Safari moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, alikuja na picha ya mzee mmoja ndani ya fremu, aliyopewa na Mzungu mwenye shamba la kahawa aliyekuwa anahama. Akaitundika sebuleni, akarudi kazini.

Haikuwa picha ya kamera. Ilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, na uso mzima wa mzee yule ulikuwa mistari mitupu: myembamba kwenye paji, ikinenepa kuelekea shavuni, ikikatana penye kivuli. Ukisogea karibu uso unapotea, unabaki na matuta ya shamba. Ukirudi nyuma anakutazama. Machoni mchongaji aliacha vidoa viwili vya karatasi tupu, na kwa weupe huo mzee alinifuata kila nilikokwenda. Nilimwogopa, na kila siku nilikwenda kumtazama. Mezani pake palikuwa na mshumaa uliozimika, moshi wake ukipanda kwa mstari mmoja tu.

Mtawa aliyekuja kumpima uzito mdogo wangu, mtoto wa miezi minane, aliuona. Akaniambia wachoraji wa zamani waliweka mshumaa wa namna hiyo kukumbusha watu kwamba maisha ni mafupi. Mama, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, akaniuliza kwa Kiiraqw amesema nini. Nilikuwa darasa la tano, najiona msomi.

"Anasema huyu alikuwa ameshakufa walipomchora," nikamwambia. "Tunakaa na maiti."

Hayo niliyatunga mwenyewe, ili nionekane najua.

Kwetu nyumba yenye kifo hujitenga. Watu wake hawachoti maji na wenzao wala hawakanyagi kwa jirani, wasije wakawapelekea mkosi. Vijana walishaanza kuidharau mila hiyo, mama hapana. Kuitupa mali ya baba hakuthubutu, basi aliigeuza ikatazama ukuta, akatutenga. Hata hivyo nilimhisi mzee anaona. Majirani walipotukuta tunachota maji peke yetu chini ya kijito, walielewa bila kuuliza, wakakaa mbali.

Siku ya nane ya kujitenga mtoto akaanza kuhara. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja.

"Nipeleke mkosi kwa watoto wa watu?" mama akasema. "Tumngoje baba yako."

Nilikuwa na maneno mdomoni: mama, nilidanganya. Nikayameza, kwa kuogopa fimbo. Siku mbili nzima niliogopa fimbo.

Baba alifika Jumamosi, akamkuta mama amempakata mtoto, bado anamfukuzia nzi. Picha aliichoma yeye mwenyewe nyuma ya zizi.

Mama sasa ni kikongwe, anaishi kwangu. Kuna siku hunishika mkono, akaniomba msamaha kwa kuiacha picha ile ndani mpaka nikampoteza mdogo wangu. Nami humwambia nimemsamehe.