Siku Nilipoupanda Mlima Bila Mzigo

Kwa miaka sita nilisukuma kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku Kalemie kando ya ziwa, ikiwa na magunia mawili ya mihogo mikavu, kutoka shamba letu la milimani hadi soko la mjini. Baba alikuwa amevunjika nyonga, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa watoto wake. Kurudi nilipanda nikiwa na chumvi, sabuni na samaki wakavu wa migebuka tu, na sikuwahi kushuka kitini, hata pale wanaume walipokokota baiskeli zao kwa mkono.

Jumamosi moja, nikipanda kurudi nyumbani, nikawapita vijana watano waliovaa nguo za kubana, wamepanda baiskeli zenye gia na matairi manene. Nyuma yao alikuja mzee kwa pikipiki, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya mwili aliyekuwa akiwafundisha mbio za milimani.

"Mama, simama kwanza! Nani alikufundisha kupanda hivi?"

"Hakuna, Papa. Niko naenda kwetu."

Akacheka mpaka akazima pikipiki. Akaniomba nije kufanya mazoezi nao Jumapili baada ya misa.

Mama yangu alikataa. "Kinga ya kubeba mihogo, sawa. Lakini mwanamuke kupiga mbio mu matope mbele ya bantu, ile hapana!"

Baba, aliyekuwa akipukusa mahindi, hakuinua kichwa. "Mumuache. Miye najua miguu yake."

Nilikwenda, wakaniazima baiskeli moja ya gia. Kwenye mteremko wa kwanza nilibana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, nikaruka juu ya usukani na kutua kifudifudi. Wale vijana walicheka. Baada ya miezi minne, kwenye mpando wa mlima ule nilikowapita siku ya kwanza, hakuna aliyeweza kunifuata.

Mwaka uliofuata mashindano ya nchi ya mbio hizo yaliletwa kwetu, kwenye vilima vilivyo juu ya mji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Bingwa wa miaka mitatu, mwanamke mrefu kutoka mji mkuu, alinipa mkono kwa heshima, kisha akaniacha mbali tulipoanza tu. Mzunguko wa pili tairi langu la nyuma likapasuka. Mahali pa kubadilishia gurudumu palikuwa ng'ambo ya bonde. Nikaibeba baiskeli begani, nikakimbia.

Nilipofika nilikuwa wa saba. Papa mwalimu alibadilisha gurudumu.

"Imeisha, Papa?"

"Imeisha kitu gani? Weye panda!"

Nikapanda. Nilimpita mmoja, wawili, kisha nikaacha kuhesabu. Juu ya mteremko wa mwisho nikamwona bingwa mbele yangu, ameshuka, anaishikilia baiskeli isimponyoke. Njia ilikuwa imegeuka kijito. Nikatazama pembeni: palikuwa na ukanda mwembamba wa majani, ukipita ukingoni mwa korongo. Nikaachia breki. Sikumbuki kama nilipumua. Nilipofika chini, ziwa lote lilikuwa mbele yangu na hapakuwa na mtu.

Wanawake wa soko walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa mwisho. Walivua vitenge vyao vya juu, wakavitandika kwenye matope ili nipite juu yavyo, wakipiga vigelegele. Wa kwanza kutandika chake, kile cha Pasaka alichokuwa akikificha sandukuni, alikuwa mama yangu. Papa mwalimu alinitazama kutoka pembeni. Akavua kofia.

Ubingwa huo nimeuchukua mara nne. Mara ya kwanza kushindana na Afrika nzima nilikuwa karibu na mkia, nikiwa na woga na baridi ya ugenini, hadi ulipokuja mpando mrefu wa mwisho. Hapo niliwapita tisa, na kila niliyempita nilimsalimia kwa Kiswahili: "Pole na kazi." Mmoja tu, Mtanzania, ndiye aliyeitikia.