Muhuri wa Zamu

Odeta, fundi cherehani wa karibu na stendi ya Buzuruga, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote siku mtaa ulipomchoka mwenyekiti. Bwana yule alikuwa ameuza uwanja wa watoto kana kwamba ni shamba la baba yake.

"Mtu mmoja akishika muhuri anajiona mtemi!" Odeta alifoka mkutanoni.

Wakakubaliana kwamba viongozi wawe watatu, yeye, Mashimba na Oyoo, na muhuri uzunguke kwa zamu, kila mmoja mwezi wake.

Kweli, hakuna kilichouzwa tena. Lakini shimo la maji machafu nyuma ya kisima, lililobomoka mfuniko, hakuna aliyelifunika. Mashimba alimwachia Oyoo, Oyoo akamwachia Odeta. Naye Odeta, mwezi wake ukielekea ukingoni, akajisemea Mashimba atalimaliza.

Mvua ikanyesha. Mtoto wa Akelo, mama jirani yao, akatumbukia shimoni, akafa.

Msibani, mwongoza shughuli akatangaza, "Namkaribisha kiongozi wa mtaa atoe salamu za rambirambi."

Watatu wale wakatazamana. Muhuri ulikuwa bado kwenye pindo la kitenge cha Odeta, na aliusikia ukimchoma ubavuni. Hata hivyo akamnong'oneza Mashimba, "Mwezi umeandama. Ni zamu yako."

Akelo, aliyekaa mkekani mbele yao, akasikia. Hakupaza sauti.

"Basi na kulia tulie kwa zamu, dada Odeta," alisema. "Mimi nimeshaanza. Anayefuata nani?"