Siku Nilipopanda Landkruza

Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, na mama akaficha kibaba cha mwisho cha unga wa mtama, wa kumwagia kaburi la baba siku ya tambiko.

Juzi mjukuu wangu kaja na Landkruza. "Bibi, panda, ukaishi kwangu Dar. Mjapani huyu hakwami."

Najua hakwami. Wa kwanza alifika kwetu Usoke mwaka ule wa njaa, mchana, akipasua mchanga, akinuka mpira na petroli, kutuhamishia kijiji kipya. Mama alikaa kando ya kaburi na kibaba chake cha unga, akamwambia ofisa aliyeshuka, "Sipandi. Mtu wangu yuko hapa." Mimi nilidhani tumeletewa matembezi. Nikarukia kiti, nikakibonyezabonyeza, nikacheka. Ofisa akasema, "Haya mama, mtoto tunaye."

Mama akainuka, akapanda. Unga ukabaki pale chini. Hakunigombeza mpaka anakufa, na hilo ndilo linaloniua. Kaburi la baba wamelilima tumbaku.

Mama nilimzika hapa hapa kijiji kipya, nyuma ya nyumba yangu. Mjukuu akanifungulia mlango, akasubiri. Nikamwambia, "Sipandi. Mtu wangu yuko hapa."