Doa kwenye Kaniki ya Veronika

Veronika wa Matombo aliota matiti kama wasichana wenzake, akarefuka hata akawapita, lakini damu ya mwezi, wapi! Wenzake wakavunja ungo mmoja mmoja, wakawekwa ndani, wakatoka kwa ngoma. Yeye akabaki kuchota maji na vitoto, na vitoto navyo vikamcheka. Alilia, jamani, acheni tu.

Asubuhi moja akaamka akakuta kaniki yake ina doa. Mama yake, Bi Theresia, akapiga vigelegele hadi ng'ambo ya bonde. Veronika akawekwa ndani, akafundwa, akatolewa mwali. Damu haikurudi tena.

"Usimwambie mtu," mama alimnong'oneza. "Kwetu huwa inachelewa."

Akaamini. Asipomwamini mama yake amwamini nani?

Mwaka 1949 akafunga ndoa na Alois kanisani. Kwa mila za Kiluguru mume ndiye anayehamia kwao mke, basi Alois akalima shamba la ukoo wa Veronika huku wakimngoja alete watoto. Hawakuja. Lawama zote zikamwangukia Alois, kwani mwanamke si alishavunja ungo, dunia nzima ikasikia? Bi Theresia ndiye aliyekuwa na mdomo kupita wote. "Dume gani hili, linamaliza ndizi zetu bure!" Wajomba wa Veronika, wenye shamba, wakamfukuza. Alois akamtazama mkewe, akingoja aseme neno. Veronika akainama. Alois akaenda zake kwao Kinole na jembe lake begani.

Mwaka 1956 uvimbe kinenani ukampeleka Veronika hospitali ya mjini. Alipopata nafuu baada ya kupasuliwa, daktari akamweleza taratibu.

"Homoni ni ujumbe unaopita kwenye damu. Ule uvimbe tulioutoa ni tezi za kiume; ulipokuwa tumboni mwa mama yako, zilitoa homoni za kiume. Moja ilipokelewa, ikazuia kizazi kisiote. Nyingine ilifika kila mahali, hakuna kiungo kilichoipokea, ndiyo maana umekua mwanamke. Kizazi huna tangu kuzaliwa."

"Lakini damu niliipata, bwana daktari. Mara moja."

"Haiwezekani. Hata hiyo moja."

Veronika akakumbuka asubuhi ile: kuku wa sherehe alikuwa ameshanyonyolewa jikoni kabla yeye hajaamka na kuliona doa.

Akapanda mlima kurudi kwao na kidonda chake kibichi. Bi Theresia alikuwa uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama. Yule kuku ulimchinja saa ngapi?"

Mama hakuuliza kuku gani. "Ulikuwa unalia kila siku, mwanangu. Ningekuacha uchekwe mpaka lini?"

"Na Alois? Naye ulimtukana kwa kunihurumia mimi?"

Bi Theresia akaendelea kupukuchua. Veronika akanywa maji amesimama, kama mgeni kwao, akashika njia ya Kinole.

Alimkuta Alois na mwanamke mwingine, aliyepakata mtoto wao wa pili. Akamwambia yote, la kuku na la daktari. Alois alisikiliza mpaka mwisho.

"Ya mama yako nimeyasikia," alisema. "Lakini wewe ulijua damu haikurudi. Siku ile wananifukuza, mbona ulinyamaza?"